Dakika za Bingwa: Hesabu ya Wakati katika Mchezo wa Go

Mshairi huhesabu mizani ili ubeti wake usichechemee. Mcheza go huhesabu dakika. Lakini ni dakika zipi zistahilizo kuhesabiwa: zile za kucheza, au zile za kudurusu? Juu ya swali hilo mabingwa wa Japani walivutana kwa miaka kadhaa.

Go huchezwa na watu wawili kwenye ubao wa mistari 19 kwa 19, wenye makutano 361. Mmoja hushika kete nyeusi, mwenziwe nyeupe. Kete ikishawekwa haihamishwi, ila huondolewa ikizingirwa. Na mshindi ni yule aliyejipatia eneo kubwa zaidi. Mchezo huu ulitoka China, ukalelewa Japani na nyumba maalumu za wataalamu, iliyo kuu miongoni mwao ikiwa nyumba ya Honinbo. Zama hizo hapakuwa na saa. Mtu alifikiri mpaka atosheke, na mkubwa kwa daraja aliweza kuahirisha mchezo apendapo.

Tarehe 16 Oktoba 1933, Honinbo Shusai, mrithi wa mwisho wa nyumba hiyo, alikaa mbele ya Go Seigen, kijana wa miaka 19 mzaliwa wa China. Kila mmoja alipewa saa 24, lakini saa hizo zilihesabiwa ubaoni tu. Mchezo uliahirishwa mara 13, mkubwa akitumia haki yake ya kale, naye akarejea nyumbani kwenye wanafunzi wake. Ulipokwisha tarehe 29 Januari 1934, Shusai alishinda kwa pointi 2. Mnong'ono ukaenea kwamba kete yake ya 160, iliyogeuza mambo, iligunduliwa na mwanafunzi wake. Kweli au si kweli, doa lilikuwa limeingia: saa haikuona yaliyofanyika usiku.

Kwa hiyo mwaka 1938, Shusai alipocheza mchezo wake wa kuaga dhidi ya Kitani Minoru, masharti yalikazwa. Kila mmoja alipewa saa 40. Jioni mchezaji aliandika kete yake ifuatayo kwenye karatasi, ikatiwa katika bahasha na kufungwa, mpinzani asiijue mpaka siku ya kuendelea. Mchezo ulianza 26 Juni ukaisha 4 Desemba, kwa kuwa bingwa aliugua katikati yake. Dakika ziliandikwa moja moja: Kitani alitumia saa 34 na dakika 19, Shusai saa 19 na dakika 57. Kitani, kijana, akashinda kwa pointi 5.

Mwandishi Kawabata Yasunari aliuripoti mchezo huo gazetini, kisha akautungia riwaya iitwayo *Meijin*. Humo twasoma jinsi bingwa alivyokasirishwa na kete ya 121, iliyotiwa bahashani. Iliwekwa mbali na pambano la katikati, mahali ambapo jibu lilikuwa la lazima, naye akaona kwamba mwenziwe amejinunulia siku za kudurusu. Yaani hata bahasha, iliyobuniwa kuuzuia usiku usichezwe, iligeuzwa mlango wa kuingilia usiku huo huo.

Tumtazame sasa Go Seigen alipokuwa mtoto. Babake alileta kutoka Japani vitabu vya kumbukumbu za michezo ya mabingwa. Mtoto alishika kitabu kizito kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akapanga kete, mchezo baada ya mchezo. Husimuliwa kwamba kidole cha mkono ule wa kushoto kilipinda kwa uzito huo. Hakuna aliyeziandika saa zile. Kidole ndicho kilichokuwa daftari, naye akaishi nacho hadi alipofariki mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 100.

Mwanafunzi wa leo na aandike, akipenda: saa kadhaa za mafumbo, kadhaa za kupanga michezo ya wakongwe, kadhaa za kuchunguza alikoshindwa. Uhadhiri huo una faida, kwani humwonesha mvivu uvivu wake. Ila asidhani kwamba jumla ile ndiyo elimu. Saa ya 1938 ilimhukumu kwa haki kila aliyeketi ubaoni, na hiyo ilikuwa kazi yake. Yaliyomfikisha mtu pale ubaoni haikuyaandika, kwa sababu yalikwisha andikwa kwingine.