Type 59: kifaru cha China kilichovuka mto Kagera

Murongo, wilayani Kyerwa, mto Kagera ndio mpaka. Huku Tanzania, ng'ambo Kikagati, Uganda. Ukifuata mpaka huo kuelekea mashariki hadi Missenyi, mambo yanabadilika. Huko wakoloni waliuchora kwa rula juu ya mstari wa digrii 1 kusini ya ikweta, na mto ukabaki nyuma, ndani ya ardhi yetu. Kutoka Mutukula hadi daraja la Kyaka ni takriban kilomita 30 za nchi kavu, tena tambarare. Kwa mkulima wa kahawa huo ni umbali tu. Kwa jeshi lenye vifaru, ni mlango ulioachwa wazi.

Mlango huo ndio aliopitia Idi Amin, mtawala wa Uganda, na majeshi yake mwishoni mwa Oktoba 1978. Lakini Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijagawanywa kuzaa wilaya ya Kyerwa, ilikuwa na ngome ya asili: mto mpana, mabonde ya mafunjo na vilima vinavyopandana. Ili kuelewa kwa nini maji na matope yana nguvu kiasi hicho mbele ya chuma, ni lazima tukijue kifaru chenyewe.

Ukoo mmoja, pande mbili

Historia yake inaanzia Umoja wa Kisovieti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wahandisi wa huko walikusanya mafunzo ya vita hivyo wakaunda T-54, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1947. Ilikuwa na mzinga wa milimita 100, uzito wa tani 36 hivi, injini ya dizeli ya silinda 12, na askari wanne ndani: kamanda, dereva, mlenga shabaha na mpakiaji wa makombora. Mwaka 1958 ikafuata T-55, yenye injini ya nguvu zaidi, nafasi ya makombora mengi zaidi na kinga dhidi ya mionzi ya silaha za nyuklia.

China ilipewa michoro ya T-54, ikajenga kiwanda Baotou, katika Mongolia ya Ndani. Kifaru kilichotoka huko kikaingia jeshini mwaka 1959 na kuitwa Type 59. Matoleo ya mwanzo yalikosa vifaa vya kuonea usiku na mtambo wa kutuliza mzinga kifaru kikiwa mwendoni, kwa hiyo ili kulenga vizuri ilibidi kisimame. Wachina wenyewe waligundua kwamba kusini mwa nchi yao, kwenye milima na mashamba ya mpunga, Type 59 ilikuwa nzito mno. Wakaunda Type 62, yenye tani 21 na mzinga wa milimita 85. Baadaye yalikuja matoleo mengine: Type 69, kisha Type 59-II yenye mzinga wa milimita 105.

Tanzania ilizipata Type 59 na Type 62 kwa njia ya siasa. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza lilivunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). China ikawa mwalimu na mfadhili wake mkuu wa silaha. Uganda ilipita njia nyingine. Ilikuwa na vifaru vya Sherman vilivyotoka Israel, lakini Amin alipowafukuza Waisraeli mwaka 1972 aligeukia Libya na Wasovieti, akapata T-55. Hivyo vifaru vilivyokuja kupigana Kagera vilikuwa binamu wa damu.

Daraja lilipovunjwa

Novemba 3, 1978 majeshi ya Amin yalilivunja daraja la Kyaka. Kwa pigo hilo mto ukawa ukuta wa pande zote mbili: vifaru vya Uganda visingeweza kushuka kusini, wala vya Tanzania kupanda kaskazini. Kifaru cha tani 36 hakivuki Kagera kwa ujasiri wa dereva. Kazi ya kwanza ya ukombozi ikawaangukia wahandisi wa jeshi, waliotandika madaraja ya muda ili vifaru, mizinga na malori yapite. Wakati huohuo jeshi lilipanuka kutoka watu wasiofikia 40,000 hadi zaidi ya 150,000, wakiwemo mgambo wapatao 40,000.

Januari 1979 Mutukula ikatekwa. Masaka ikaanguka Februari 24, na Mbarara siku iliyofuata. Upande wa Mbarara ndio uliowagusa zaidi watu wa Karagwe, kwa kuwa vilima vya ng'ambo ya mto ni ndugu wa vilima vyao. Huko, kwenye vilima vya Gayaza, Brigedi ya 206 ya Brigedia Silas Mayunga iliviziwa na askari wa Amin na kupoteza wanajeshi 24. Katika nchi ya namna hiyo, ambako barabara inapita kati ya vilima viwili, kifaru hakioni mbali, na askari mmoja mwenye roketi ya begani anaweza kukisimamisha.

Machi 10 ikaja Lukaya, ambako barabara ya Kampala inakatiza kinamasi. Walibya waliokuja kumwokoa Amin walikuwa na T-55 na roketi, wakairudisha nyuma Brigedi ya 201. Kesho yake Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilizunguka na kuwapiga ubavuni, huku ya 201 ikirudi mbele. T-55 ilikuwa mpya kuliko Type 59, lakini haikumwokoa mwenye nayo. Aprili 11 Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin.

Kilichobaki

Ukoo wa Type 59 haujafa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizopata Type 59G, toleo lililofanyiwa ukarabati mkubwa. Lakini fundisho la Kagera halikubadilika: kifaru kina thamani ya daraja kinalopita, barabara inayokibeba na watu wanaokizunguka.

Wataalamu wa nje wamekwisha kuandika mengi kuhusu unene wa chuma chake na kipimo cha mzinga wake. Habari za mgambo waliobeba makombora na wanavijiji waliowapisha askari tunazo sisi. Vijana waliokuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa wamevuka 60. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, pamoja na shule zao za sekondari, ziwatafute wazee hao, ziwarekodi na kuweka simulizi zao mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuzisoma. Kazi hiyo ifanywe sasa.