Kutoka Mshahara hadi Bei ya Leo: Wakati na Kazi mjini Kolwezi

Neno mshahara limebeba mwezi ndani yake, kwani asili yake ni shahr la Kiarabu, yaani mwezi. Mjini Kolwezi asili hiyo si jambo la kamusi tu. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi na familia zao kambini kwa mikataba ya miaka mitatu. Zamu iligawa siku, posho ikagawa juma, mshahara ukagawa mwezi. Kampuni ya taifa iliyorithi migodi hiyo 1967, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, iliendeleza utaratibu huo pamoja na shule na hospitali zake.

Huenda ikadhaniwa kwamba simu ya mkononi ndiyo iliyovunja utaratibu huo. Mfuatano wa matukio wakanusha dhana hiyo. Sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka Septemba 1990. Shaba ya Gécamines, iliyozidi tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikakawia miezi kadhaa, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mitandao ya simu ilipoenea katika miaka hiyo, ilikuta saa ya kampuni imekwisha kusimama.

Kilicholetwa na teknolojia ya kidijiti ni kipimo kingine. Mchimbaji mdogo hulipwa kwa uzito wa magunia yake, kiwango cha madini kinachosomwa na kipima cha mkononi, na bei ya siku. Tangu 2010 kobalti huuzwa pia katika Soko la Metali la London, na mnunuzi aweza kuisoma bei hiyo kwenye simu kabla gunia halijafunguliwa. Machi 2018 tani moja ilifikia takriban dola 95,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 40,000. Zamani kampuni ndiyo iliyopokea kwanza pigo la namna hiyo; sasa humwangukia mchimbaji moja kwa moja.

Hivyo basi, pato limekuwa la siku, ilhali kodi ya nyumba ingali ya mwezi. Huduma ya M-Pesa, iliyoingia Kongo 2012, hufikisha fedha kwa sekunde chache. Haina uwezo wa kuhakikisha kwamba mwezi ujao zitakuwapo. Hilo ndilo lililokuwa maana ya mshahara.