Deni Lililokwisha Lipwa: Walokole wa Buhaya na Dhambi Zisizosahaulika

Neno "mlokole" tunalitumia ovyo. Msichana asiyekwenda disko ni mlokole, jamaa anayekataa bia ni mlokole, hata karani asiyekula rushwa huambiwa, "Bwana, acha ulokole wako." Wachache wanajua kwamba neno lenyewe si Kiswahili cha pwani. Limetoka kwa Waganda, kwenye kitenzi chao cha kuokoka, likavuka mpaka na kuteremka Buhaya pamoja na watu waliokuwa wakitembea vijiji kwa vijiji, Biblia mkononi. Ndugu msomaji, nataka kukusimulia habari za watu hao, kwa sababu ndio waliotufundisha huku Muleba na Bukoba jambo moja gumu, kisha la pili likawashinda hata wao. La kwanza ni kuitamka dhambi yako. La pili ni kuamini kwamba imekwisha.

Mambo yalianza mwaka 1929 pale Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alipokutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakakaa wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Church alikuwa na hospitali yake Gahini, Rwanda. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha hukohuko Gahini, akafa kijana mwaka 1936, na kifo chake kikauchochea moto badala ya kuuzima. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vikundi vya uamsho vilikuwa vimefika upande wetu wa ziwa, kwa Waanglikana wa Katoke, na punde kwa Walutheri wa Buhaya.

Wakati wenyewe ulikuwa wa ajabu. Misheni ya Bethel ya Wajerumani, iliyofika Bukoba mwaka 1910, ilipoteza watu wake vita vya pili vya dunia vilipoanza. Waswidi walikuja kushika nafasi, akiwemo Bengt Sundkler aliyefika mwaka 1942 na baadaye akawa askofu wa kwanza wa Kilutheri wa Bukoba. Lakini uamsho haukumngoja Mzungu. Waliosimama mbele walikuwa walimu wa vijijini, wakulima wa migomba na kahawa, na akina mama ambao hakuna aliyewahi kuwauliza maoni yao kanisani.

Sasa elewa walichofanya. Kwa Wakatoliki, waliokuwa Kashozi tangu mwaka 1892, dhambi ilikuwa na mahali pake: unapiga magoti, unamnong'oneza padre, naye anakwenda kaburini na siri yako. Laurean Rugambwa, mtoto wa huku huku, mzaliwa wa 1912, alilelewa hivyo hata akawa askofu wa Rutabo, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Walutheri walikuwa na maungamo ya pamoja ya Jumapili, ambapo wote mnasema maneno mamoja na hakuna anayejua nani amefanya nini. Aliyekosa waziwazi alitengwa na Meza ya Bwana mpaka siku ya kurudishwa kundini.

Walokole walivunja kuta zote hizo. Mtu alisimama mbele ya watu wazima na watoto akasema: niliiba jembe la mwajiri wangu, nilimwendea mganga usiku, nilizini na mke wa fulani. Na huyo fulani alikuwa na jina, tena mara nyingine alikuwa ameketi benchi la tatu! Lilikuwa soo kubwa. Mwenye kutubu alishusha mzigo wake, lakini aliutua kichwani kwa mwingine ambaye hakuwa ameomba kutubishwa. Wakuu wa nchi walikasirika, wachungaji walikasirika, waume walikasirika zaidi. Mimi nadhani waume walikuwa na hoja.

Hata hivyo tusiwacheke. Walirudisha vitu. Mtu aliyeiba alibeba kitu alichoiba akakipeleka kwa mwenyewe mchana kweupe. Watu wa koo zilizokuwa hazisalimiani walikaa mkeka mmoja. Na mtu alipomaliza kuungama, wenzake waliinuka wakaimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ulioenea Afrika Mashariki nzima, wakamkumbatia. Usiudharau wimbo ule. Katika ukoo wa Kihaya, kesi ikiamuliwa, wazee walikunywa lubisi pamoja na aliyekosa, na kila mtu alijua kwamba jambo limezikwa. Walokole waliikataa pombe, kwa hiyo walihitaji alama nyingine ya kumwambia mtu kwamba yamekwisha. Alama yao ilikuwa ni kukumbatiwa na wimbo.

Tatizo lilikuja wiki iliyofuata. Mkutano ulirudi, na ushuhuda wa wiki jana ulikuwa umechacha kama ugali wa juzi. Kukaa katika nuru, walivyoita wenyewe, kulitaka jambo jipya kila mara. Ukikaa kimya unaulizwa unaficha nini. Basi mtu mwaminifu alianza kujichimba: hasira ya asubuhi, wivu wa shamba la jirani, ndoto ya usiku. Asiyepata jipya alirudia la zamani. Wapo wazee waliosimulia dhambi ileile ya ujana kwa miaka mingi, hata wajukuu wakaijua kwa moyo pamoja na mahali pa kupumzika na mahali pa kutoa machozi. Huko Uganda, kati ya miaka ya 1960 na 1970, kundi la Bazukufu, maana yake walioamka tena, lilikaza kamba zaidi: aliyeokoka alitakiwa aamke upya, akatae hata mikopo. Mahubiri yalisema damu imelipa deni lote, lakini watu waliendelea kuja na risiti mkononi.

Si ugonjwa wa Wahaya peke yao. Martin Luther mwenyewe, baada ya kuingia utawani Erfurt mwaka 1505, alikuwa akiungama kwa saa nyingi mfululizo, akitoka anakumbuka kadhambi kengine anarudi, mpaka mlezi wake Staupitz akachoka naye. Kanisa zima la Kilutheri limetokana na mtu aliyeshindwa kuamini kwamba amesamehewa, halafu siku moja akaamini. Kichekesho ni kwamba Walutheri wa Buhaya walianza safari ileile upya, kama vile mwenzao hakuwahi kufika.

Wewe unayetaka kuandika hadithi, tazama vizuri umbo la ushuhuda, maana limeingia katika maandishi yetu mengi bila hodi. Lina vipande viwili. Cha kwanza ni "nilivyokuwa": kirefu, kitamu, kimejaa pombe na wanawake. Cha pili ni "Bwana aliponikuta": kifupi, mistari mitatu, tunaimba. Kipande cha tatu, yaani maisha ya mtu aliyesamehewa siku ya Jumanne anapopalilia migomba, hakuna. Nani angekisikiliza?

Waliohitaji kipande hicho cha tatu kuliko wote walikuwa wanawake waliorudi kutoka mjini. Tangu kati ya vita viwili vya dunia, wanawake wa Kihaya wengi walikwenda Kampala na Nairobi, wakauza miili, wakatuma fedha nyumbani, na wengine waliporudi walinunua kibanja kwa jina lao wenyewe. Wanaume wasomi wa Bukoba walipiga kelele kutaka wazuiwe kusafiri. Sasa mwanamke kama huyo akitubu mbele ya watu, Mungu amemsamehe, sawa. Lakini kibanja kipo, kahawa inachumwa kila msimu, na jirani akipita anajua fedha zilitoka wapi. Arudishe nini, kwa nani? Hakuna mkutano uliokuwa na jibu la swali hilo, na ukoo wake, usisahau, ulikwisha kula zile fedha.

Halafu ukaja mwaka 1983. Wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi kuandikwa Tanzania waliandikwa Ndolage, hospitali ya Kilutheri hapa hapa Muleba, juu Kamachumu. Watu waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la nguo ya magendo iliyokuwa ikivuka kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, walisema ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali. Unaona? Hata kabla mhubiri hajafungua kinywa, ugonjwa ulikwisha kupewa maana ya deni lisilolipwa. Utafiti wa mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima 24 kati ya 100 walikuwa na virusi, na vijijini Bukoba na Muleba 10 kati ya 100. Mahubiri mengi ya miaka ile yalisema ni adhabu ya Mungu. Josiah Kibira, mtoto wa uamsho aliyekuwa askofu tangu mwaka 1964 na Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977, alifariki mwaka 1988 nchi yake ikichimba makaburi kila siku.

Hapo ndipo fundisho la pili lilipopata mtihani wake mkali. Mlokole wa zamani aliungama kosa ambalo hakuna aliyeliona. Mgonjwa wa Juliana hakuwa na haja ya kuungama, mwili wake ulikuwa umekwisha kutangaza, na ulitangaza vilevile kwa mke ambaye hakukosa lolote. Aambiwe amesamehewa, ilhali anakonda kila siku? Wengi walitubu wakafa wakiamini kwamba ugonjwa ni jibu la Mungu kwa toba yao, na jibu ni hapana. Mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa la wahubiri wa kizazi kile, kubwa kuliko masoo yote ya benchi la tatu, maana walimnyima mtu anayekufa kitu ambacho vitabu vyao wenyewe viliwaagiza wampe bure.

Mwaka 2004 serikali ilianza mpango wa kutoa dawa za kurefusha maisha nchini. Wakapatikana watu wa aina mpya kabisa. Walikuwa wamekwisha tubu toba ya mwisho, wamegawa nguo, wameonyesha mahali pa kuzikwa kibanjani. Wakaanza kunenepa. Wakaomba nguo zao. Ushuhuda wa kuigiza hawakuwa nao, kwa sababu wazee wao hawakuacha kipande cha tatu. Basi wengi walifanya walilolijua: walichukua jembe, wakapanda migomba upya, na mgomba mpya unakutaka ungoje zaidi ya mwaka ndipo uone mkungu.