Saa ya mazoezi na pilates: mbona hatua 12 tu?

Wadau, nusu saa niko kwenye mkeka, tumbo linawaka moto, nacheki saa: hatua 12! Haijaharibika. Hatua inazihesabu kwa mkono unavyocheza, na kwenye pilates mkono umetulia. Tegemea ile taa ya kijani chini ya saa: inamulika ngozi, inasoma damu inavyopita, ndo inapata mapigo ya moyo. Ila ukijiegemeza kwa mikono inababaika; mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, uko fiti zaidi. Kalori je? Makadirio tu, ya mapigo, umri na uzito. Orodha ya Marekani ya 2011 iliipa pilates MET 3, yaani mtu wa kilo 60 anachoma kama kalori 180 kwa lisaa. Ikikuandikia 500, usikimbilie chipsi mayai.