Jinsi Udongo wa Machakos Ulivyorudishwa



Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka. Yafaa pia tuihesabu mali ambayo wengi wetu tuliachiwa na baba zetu, yaani udongo. Historia ya Machakos yatuonyesha jinsi nchi iliyokwisha kuharibika ilivyorudi kuzaa, na ni mikono ya nani iliyoirudisha.

Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, afisa wa Serikali ya kikoloni aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa juu ya Rizavu ya Wakamba. Alieleza vilima vilivyovuliwa nguo na makorongo yaliyokula mashamba, akahofu kwamba nchi ile ingekuwa jangwa la mawe na mchanga. Aliyoyaona yalikuwa kweli. Lakini uharibifu ule ulikuwa na chanzo chake. Vilima vya Mua vilikuwa vimechukuliwa na walowezi, na wenyeji hawakuwa na ruhusa ya kuzitumia nyanda za Yatta wapendavyo. Watu na mifugo wakabanwa mahali pamoja. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ikapanua mashamba hata kwenye miteremko isiyo na kinga, kisha ukame ukazidisha shida.

Dawa iliyochaguliwa na Serikali ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa mnada, wakati ambapo kiwanda kipya cha nyama huko Athi River kilikuwa kikihitaji mifugo. Watu wakakataa. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, wanaume, wanawake na watoto walikwenda Nairobi, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha Serikali iliacha kuwanyang'anya watu ng'ombe wao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ulianzishwa, mwaka 1946, mpango wa maendeleo ya ardhi ambao baadaye ulijulikana kwa jina la ALDEV. Matuta mengi yalichimbwa, lakini kwa kushurutishwa, na kazi ya shuruti haina mlinzi. Huko Murang'a, kazi ya namna hiyo iliwafanya wanawake kugoma mwaka 1947. Machakos mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, maafisa walipokubali kazi ifanywe kwa desturi ya mwethya, yaani majirani kusaidiana kwa zamu. Vikundi vilichagua viongozi wao wenyewe, na wengi wa wafanyaji kazi walikuwa wanawake. Mtu alipolima kwa jirani yake alijua kwamba zamu ya shamba lake yaja.

Njia iliyopendwa kuliko nyingine ni ile iitwayo fanya juu. Mkulima hupima usawa wa mteremko kwa kamba na pimamaji, huchimba mtaro kuufuata usawa huo, na udongo wote huutupa upande wa juu uwe tuta. Juu ya tuta hupandwa majani ya kulisha ng'ombe, ambayo mizizi yake hulishika. Mvua inyeshapo, maji hupunguza mwendo na udongo hutua nyuma ya tuta. Miaka ikipita, mteremko hugeuka kuwa ngazi za shamba tambarare, na maji yaliyokuwa yakikimbilia mtoni hunywewa na mimea. Mtaroni huweza kupandwa migomba au mipapai. Maneno haya mawili ya Kiswahili, fanya juu, yameingia katika vitabu vya kilimo vya nchi nyingi, na matuta ya jina hilo yachimbwa hata Ethiopia.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 shuruti haikuwapo tena, na wengine waliyaacha matuta yabomoke. Lakini wengi zaidi waliendelea kuchimba, kwa kuwa kahawa, matunda na mboga vilikuwa na soko, na mwenye shamba aliona faida kwa macho yake. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya habari hii. Walionyesha kwamba watu wa wilaya ile, pamoja na Makueni, walikuwa kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakakaribia 1,400,000 kufikia mwaka 1989. Na bado mmomonyoko ulipungua, miti ikaongezeka mashambani, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda.

Tusidhani kwamba shida zilikwisha. Sehemu za chini zenye mvua haba hazikufaidika sawa na vilima vya Kangundo na Matungulu, na mashamba yaendelea kugawanywa kila urithi unapopita.

Basi fundisho ni hili: udongo uliponywa pale wenye nao walipopewa haki ya kuamua na sababu ya kuutunza. Sisi tukaao mjini na tulio na mashamba nyumbani, hatuna budi kuuliza kabla ya mvua kama matuta yangali imara, na kukubaliana na majirani maji yapite wapi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na udongo ukishashuka mtoni, hakuna ukuta uwezao kuurudisha.