Halidai, Halichemshi, Halili Oili

Anayeuza pikapu kuukuu Dar es Salaam mara nyingi haanzi kwa kukuambia kuwa ni nzima. Anakuambia, "Gari halidai." Neno hilo moja limebeba mzigo mkubwa: halidai breki, halidai shokapu, halidai tairi, wala halina deni la serikali. Hapa gari ndilo mdai na mwenye gari ndiye mdaiwa, na yeyote aliyewahi kumiliki Hilux ya miaka ya themanini anajua jinsi usemi huo ulivyo wa haki. Kisha dalali anaongeza, "Ni kuwasha na kuondoka," na mwisho, "Bei ina maelewano." Ndani ya maelewano hayo ndimo kilimokaa cha juu chake.

Nayapenda maneno haya, na naona hatujayapa heshima yanayostahili. BAKITA liliundwa mwaka 1967, na tangu hapo wengi wetu tumeamini kuwa istilahi hutungwa vikaoni, na kwamba neno la fundi ni la mtaani tu. Lakini gereji haikuwahi kukaa bila istilahi hata siku moja.

Tazama lililo mkononi mwa dereva. Usukani, neno tulilolipata kwa Waarabu, ulikuwa nyuma ya jahazi zamani sana kabla ya kuwa mbele ya kifua cha mtu. Neno gari lenyewe lilitoka India, na kabla ya injini lilitaja gari la ng'ombe na la punda. Askari wa barabarani husema "chombo cha moto," na chombo, kwa mtu wa Pwani, ni jahazi, dau au mashua. Tairi likilegea, tunajaza upepo. Kitabu kingeandika hewa, lakini nenda kwa fundi pancha yeyote uone kilichoandikwa kwenye kibao chake: UPEPO. Naamini waliolipokea gari walikuwa watu waliokwisha kuzoea vitu vinavyokwenda kwa usukani na upepo, wakakiita kigeni kwa maneno ya nyumbani.

Mengine tuliyachukua kwa Waingereza na kuyakunja yaingie mdomoni: klachi, rejeta, difu, mudigadi, na pikapu yenyewe. Hata hivyo, pikapu zilipowekewa mabenchi mawili nyuma, abiria wakakaa wakitazamana magoti kwa magoti katika barabara za Dar es Salaam, watu walizibatiza upya wakaziita chai maharage.

Utajiri hasa uko kwenye vitenzi. Gari linakunywa mafuta, lakini linakula oili. Kunywa mafuta ni tabia ya gari, utaivumilia au utaliuza. Kula oili ni ugonjwa. Fundi akisikia neno hilo hana haja ya kutazama tangi. Anakwenda nyuma ya gari na kukuomba upige resi ili aone moshi. Ukiwa wa bluu, ringi za pistoni zimechoka, au sili za valvu. Ukiwa mweusi, mafuta yanaingia mengi kuliko yanavyoungua, na kwenye injini ya dizeli kama 2L ya Hilux atazishuku nozeli. Ukiwa mweupe na haukomi hata injini ikishapata moto, kuna maji yanayopenya mahali yasipotakiwa. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huuliza kama injini imewahi kufunguliwa. Huuliza pia kama ni namba A au namba D, akikumbuka kwamba herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, wala si lini lilitoka kiwandani.

Halafu kuna safari ya kulipeleka nyumbani. Tuseme nyumbani ni Iringa, karibu kilomita 500. Maneno yote ya dalali yanapimwa baada ya Ruaha Mbuyuni, pale mlima Kitonga unapoanza na dereva anapangua gia mpaka iliyo nzito. Hapo ndipo pana ngazi ya maneno ninayoihusudu kuliko zote. Injini kupata moto ni jambo jema, ndiyo hali yake ya kazi. Kuchemsha ni onyo: mshale umepanda, simama pembeni, usiguse mfuniko wa rejeta mpaka ipoe. Asiyesimama anaunguza gasketi. Anayeendelea hata baada ya hapo ananoki injini, na injini iliyonoki haizunguki tena. Ni maneno manne, kila moja na gharama yake, na hakuna fundi anayeyachanganya. Ukisema tu kwamba gari "limepata joto kupita kiasi," hujamweleza fundi umefika ngazi ipi.

Maneno haya hayatadumu yenyewe. Mafundi waliojifunzia kazi kwenye Peugeot 404 na Land Rover wamezeeka. Kijana anayefunzwa leo anapima gari kwa kompyuta, na huenda asiwahi kuwa na sababu ya kutamka kabureta, pointi wala choki. Kwenye vitabu vyake hukutana na Kiingereza, kisha jioni anarudi gereji na kukuta Kiswahili kilichokamilika ambacho hakuna aliyekiandika kwa ajili yake. Nyinyi mnaotunga kamusi, na nyinyi mnaofundisha ufundi VETA, kabla hamjabuni neno jipya nendeni kwanza chini ya mwembe kwenye gereji, mkae na mzee mwenye mikono ya grisi, mumuulize kila kitu kinaitwaje, na muandike vile vile anavyosema.