Uaminifu wa Msahihishaji: Kutoka Mamboya Hadi Kompyuta

Kazi ya msahihishaji wa chapa haina sifa. Akiifanya vema, hapana amwonaye; akiikosea, lawama humwendea mtungaji. Katika karne hii kazi hiyo imepata umbo jipya, nayo yazihusu sana nchi kama Kilosa na Mikumi, ambazo habari zake nyingi za kale zimo katika vitabu vilivyopigwa chapa Ulaya.

Mmisionari J. T. Last wa Church Missionary Society alikaa Mamboya, kaskazini ya Kilosa, katika nchi ya Wakaguru. Kitabu chake, Polyglotta Africana Orientalis, kilitolewa London mwaka 1885, nacho kilikusanya maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48. Mwaka 1886 ikafuata sarufi yake ya Kikaguru. Haki ya mtungaji katika vitabu vya umri huo imekwisha. Yeyote aweza kuvipiga picha na kuvieneza.

Lakini picha ya ukurasa haimfai asiyeona. Programu imsomeayo kwa sauti yahitaji herufi zenyewe, si picha ya herufi. Kwa hiyo picha hupitishwa katika programu nyingine, ambayo huyalinganisha maumbo ya wino na herufi inazozijua, kisha huandika inachodhani. Hapo ndipo kosa huzaliwa. Herufi m hupasuka ikawa r na n, na Mikumi, jina litokalo na miti ya jamaa ya mvumo, likaandikwa Mikurni. Kosa la namna hiyo ni jepesi, maana hujitangaza. Baya ni lile lijivikalo nguo za neno halali: hata likawa bata, au fumbo likawa tumbo. Kamusi hailikamati. Mwenye macho akishuku huifunua picha. Asiyeona hana pa kukimbilia. Huambiwa tumbo, naye ama huamini tumbo, ama humdhania mtungaji ujinga.

Dawa ya kosa hilo ni jicho la binadamu, na jicho hilo limetolewa bure na watu wengi. Mwaka 1971 Michael Hart alianza Marekani kazi ya Project Gutenberg ya kuvitia vitabu katika kompyuta. Mwaka 2000 Charles Franks akaanzisha Distributed Proofreaders: kitabu hugawanywa ukurasa kwa ukurasa, picha na maandishi yake yakawekwa pamoja, na ukurasa mmoja ukapitiwa na wasomaji zaidi ya mmoja kwa zamu. Mwaka 2002 Bookshare ilianza huko California kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa, nayo pia ikategemea watu wa kujitolea. Sheria ikaja nyuma: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliruhusu hata vitabu vyenye haki za watungaji vitengenezwe kwa ajili ya wasioona na kupelekwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Mkataba umefungua mlango. Haukuleta mikono ya kazi.

Mikono hiyo itoke wapi? Mgeni asiyejua Kikaguru aweza kulinganisha herufi na herufi, lakini jicho lisilolijua neno huchoka upesi, na lichokapo hupitisha uongo. Mwenyeji wa Kilosa huliona kosa mara moja. Hata hivyo ujuzi wake nao una hatari. Tuseme ukurasa wa kitabu cha kale umeandikwa Mamboia. Mwenyeji atashawishika kuandika Mamboya, akidhani anaisahihisha mashine, kumbe mashine imesoma sawasawa. Vivyo hivyo, atakayeligeuza jina la Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, akaandika Waswahili, atakuwa amefuta ushahidi wa jinsi lugha ilivyoandikwa kabla ya Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930.

Shida huzidi panapokuwa na neno la Kikaguru ambalo wazee wa leo hawalitamki kama Last alivyoliandika. Yamkini alisikia vibaya. Yamkini pia lilitamkwa hivyo wakati wake. Msahihishaji akilinyoosha, ameuamua mjadala peke yake, tena kwa siri. Kanuni ni moja: kosa la mashine lifutwe, la mtungaji libaki, na maoni ya mwenyeji yaandikwe kando chini ya alama iliyo wazi.

Yupo atakayesema kwamba asiyeona ahitaji kitabu kisomekacho kwa urahisi, si makosa ya wakale. Hoja hiyo yaonekana ya huruma, lakini yampunguzia haki yake. Mwanachuoni mwenye macho hupewa ukurasa wa Last pamoja na kasoro zake, akaupima mwenyewe. Asiyeona naye apewe ukurasa uo huo, aupime.

Kikaguru, Kisagara na Kividunda zina vitabu vichache, na kila kimoja huzaa nakala nyingi mara kiingiapo katika intaneti. Mashine hujifunza kutokana na nakala hizo, zikayarudia makosa yake kana kwamba ni lugha. Wenyeji wa Kilosa na Mikumi wasipokuwamo miongoni mwa wasahihishaji, nakala iliyokosewa ndiyo itakayoitwa asili.